Spana ya Kurekebisha: Pima Taya, Achana na Mng'aro

Mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya vifaa Kariakoo au Kamukunji huwa na mazoea mawili akishika spana ya kurekebisha: anaipima uzito kiganjani, kisha anaigeuza kwenye mwanga aone inavyong'aa. Mazoea yote mawili hayamfikishi mbali. Spana nzito inaweza kuwa ya chuma cha kusubu, ambacho hakipindi kinapozidiwa bali hukatika ghafla, na mng'aro wa krome ni ngozi nyembamba inayoweza kupakwa juu ya chuma cha aina yoyote. Dai langu ni kwamba ubora wa chombo hiki, ambacho mafundi wengi wa Tanzania wamezoea kukiita spana malaya, uko karibu wote sehemu moja: jinsi taya linalotembea lilivyoshikwa ndani ya kichwa. Aina ya chuma, urefu wa mpini, jina la kiwanda na hata bei vinahesabika kwa kadiri vinavyolisaidia taya hilo lisicheze. Na jambo la kufurahisha ni kwamba kucheza kwa taya kunaweza kupimwa dukani, mbele ya muuzaji, bila kifaa cha maabara.

Tuanze na nati yenyewe. Nati ya kawaida ina pande sita. Ile inayofunguliwa kwa spana namba 19 ina milimita 19 kutoka bapa hadi bapa la upande wa pili, lakini kutoka kona hadi kona ina milimita 21.9. Tofauti hiyo ya milimita 2.9 ndiyo akiba yote uliyo nayo. Mdomo wa spana ukiwa mpana kuliko nati kwa kiasi hicho, mpini utazunguka na nati itabaki ilipo. Lakini uharibifu unaanza mapema kuliko hapo. Mdomo ukiizidi nati kwa milimita 0.3 tu, spana huzunguka bure kama digrii moja na nusu kabla ya kuuma. Uwazi ukifika milimita moja, inazunguka zaidi ya digrii tano, na kinachouma mwishoni ni ukingo mwembamba wa kona, wala si bapa. Ukingo huo ndio unaosagika. Fundi husema nati imelika, naye kwa kawaida huilaumu nati, au kutu, au aliyeifunga mara ya mwisho.

Sasa weka nguvu juu ya hesabu hiyo. Bolti ya M12 ya daraja la 8.8, yenye nati hiyohiyo ya 19, hukazwa kwa takriban nyutoni mita 80. Ukiishika spana ya inchi 10 kwenye mpini, sentimita 22 kutoka katikati ya nati, utahitaji kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 37 hivi, kazi ambayo mtu mzima anaiweza. Lakini mataya hayana sentimita 22. Yanaisukuma nati kwenye kona mbili zinazotazamana kimshazari, na umbali wa kazi kati ya misukumo hiyo miwili ni urefu wa bapa moja tu, milimita 11. Kwa hiyo mpini umeizidisha nguvu ya mkono mara 20, na kila taya linabeba kitu kama kilo 740. Msukumo wote huo unataka kuyatenganisha mataya. Spana ya kawaida, yenye namba moja isiyobadilika, haina wasiwasi, kwa kuwa mataya yake yote mawili ni kipande kimoja cha chuma. Kwenye spana ya kurekebisha, taya moja ni abiria: limeingizwa kichwani na kuzuiwa na skrubu isiyozidi unene wa kidole.

Taya hilo lina mkia unaoteleza ndani ya mfereji uliochongwa kichwani, na upande wa chini wa mkia kuna meno yanayoshikana na skrubu unayoizungusha kwa kidole gumba. Skrubu inakaa kwenye pini, mara nyingi pamoja na springi ndogo inayoizuia isijizungushe yenyewe. Ulegevu unaingia kwa njia mbili. Wa kwanza ni wa kwenda na kurudi: skrubu inacheza kwenye dirisha lake, meno hayajashikana barabara, na taya linaweza kurudi nyuma kidogo. Ulegevu huu ni mjanja, maana unapokaza kwa kidole gumba unajificha na spana inaonekana imebana, kisha nguvu ikija taya linarudi na mdomo unafunguka. Wa pili ni wa kuinama. Mkia ukiwa mwembamba kuliko mfereji wake, taya linalalia upande kama droo iliyolegea kabatini, na ncha ya mdomo inaachia hata kama ndani kumebana. Huu wa pili ndio mbaya zaidi, kwa sababu hakuna kiasi cha kuzungusha skrubu kitakachouondoa. Kuchonga mfereji na mkia vikakubaliana kwa sehemu ndogo ya milimita kunahitaji mashine nzuri, visu vikali na mkaguzi anayekataa vilivyokosewa. Hapo ndipo viwanda vya bei rahisi vinapopunguza gharama, kwa kuwa mnunuzi hapaoni.

Historia inaunga mkono hoja hii. Uingereza ilikuwa na spana za kurekebisha tangu miaka ya 1840, lakini umbo tunalolijua lilipata sura yake Sweden, kwa mkono wa Johan Petter Johansson, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufungua karakana yake katika mji wa Enköping mwaka 1886. Enzi hizo nati hazikuwa na vipimo vya pamoja, kila kiwanda kilichonga vyake, na fundi aliyekwenda kutengeneza mashine ya mtu alilazimika kubeba mzigo wa spana. Johansson alitengeneza kwanza spana ya mabomba, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 akaisajilia hataza spana ya kurekebisha. Kampuni ya B. A. Hjorth ikachukua kazi ya kuziuza duniani, na kutokana na jina hilo ikapatikana chapa ya Bahco. Mwaka 1907 Karl Peterson alianzisha Crescent Tool Company huko Jamestown, jimbo la New York, na Marekani ikajaa spana za umbo hilohilo. Zaidi ya miaka 130 imepita na mchoro haujabadilika sana. Hataza zimekwisha zamani, kila kiwanda kina ruhusa ya kuinakili, na picha ya spana nzuri na ya spana mbovu zinafanana kabisa. Kama siri ingekuwa kwenye umbo, spana zote zingekuwa sawa leo. Zinatofautiana kwa sababu ya vile vipimo vya ndani ya kichwa.

Basi namna ya kupima. Nenda dukani na bolti mpya yenye nati isiyolika, ya 17 au 19. Ibane kichwa chake kwa spana kadiri kidole gumba kinavyoweza, shika bolti imara kwa mkono wa pili, halafu sogeza mpini huku na huku kwa upole. Tazama ncha ya mpini inatembea kiasi gani kabla ya kuuma. Kwa nati ya 19, uwazi wa milimita 0.3 mdomoni unaonekana kama milimita tano au sita ukipima sentimita 20 kutoka kwenye nati. Uwazi wa milimita moja unaonekana kama sentimita mbili kasoro kidogo. Yaani mpini wenyewe unakukuzia kosa ambalo jicho lisingeliona. Ikitembea sentimita mbili, irudishe mezani bila kujali imeandikwa nini. Jaribio la pili linahitaji vipande viwili vya karatasi ya kuandikia, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1. Weka kimoja kwenye ncha ya mdomo na kingine ndani kabisa, funga mataya, kisha vuta kimojakimoja. Vyote viwili vikishika, mataya yako sambamba. Cha ndani kikishika na cha nchani kikatoka chenyewe, taya linainama, na litainama zaidi ukiweka mzigo. Fanya hivyo tena mdomo ukiwa wazi kama milimita 20, safari hii ukitumia kichwa cha bolti kati ya karatasi, kwa sababu taya likitoka nje mkia unaobaki mferejini ni mfupi na ulegevu huongezeka. Muuzaji anaweza kukuna kichwa. Mwache akune.

Mtu atauliza, na chuma je? Chuma kina nafasi yake. Spana nzuri hufuliwa kwa nyundo ya mashine kutoka chuma chenye mchanganyiko, mara nyingi krome na vanadiamu, kisha hupashwa moto na kuzimwa ili mataya yawe magumu bila kuwa ya kupasuka. Chuma laini kinafungua ncha za mdomo baada ya kazi chache, na hapo hata mfereji uliochongwa vizuri hausaidii. Tatizo ni kwamba mnunuzi hawezi kukijua chuma kwa macho, na herufi za Cr-V zilizogongwa kwenye mpini zinagongwa kwa urahisi uleule kwenye spana ya kweli na ya bandia. Kipo kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6787, na kiwanda chenye kujiheshimu hukitaja. Lakini namba nayo inaweza kuigwa. Kenya ina mamlaka nzima ya kupambana na bidhaa bandia, na nchini Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani, ushahidi tosha kwamba alama peke yake haitoshi. Mimi ningechukulia maandishi kama sharti la chini: spana isiyokuwa na jina la aliyeitengeneza inaachwa mara moja, na yenye jina inapelekwa kwenye jaribio la mpini kama nyingine zote. Dalili za ufuaji mbaya zinaonekana kwa kiasi: vishimo vidogo kwenye kichwa, mshono mkubwa usiosagwa, rangi nzito iliyomwagwa hadi ndani ya mfereji kana kwamba kuna kitu kinafichwa.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe. Fundi wa magari aliyefunzwa vizuri atasema spana ya kurekebisha ni ya mtu asiye na seti, na kwamba kazi ya kweli inafanywa kwa ringi au soketi ya pembe sita. Kwa sehemu ana haki. Soketi inashika kona zote sita, spana hii inashika mbili. Bolti za breki, za kichwa cha injini na za gurudumu si mahali pake, na hakuna ubora utakaolibadilisha hilo. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba nati zote zinajua namba zao. Bolti ya kichwa cha nusu inchi ina milimita 12.7, na watu wengi huifungua kwa spana ya 13. Tayari hapo pana uwazi wa milimita 0.3, bado hujahesabu nafasi ambayo kiwanda cha spana huiacha kwa makusudi. Ya inchi 9/16 ina milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inaacha karibu milimita 0.7. Injini za Lister kutoka Uingereza, zilizoendesha mashine nyingi za kusaga nafaka vijijini, zilikuja na bolti za Whitworth, ambazo seti ya milimita inazikaribia tu. Ongeza nati iliyopakwa rangi mara tatu, iliyoliwa na chumvi ya pwani, au iliyosagwa kwa tupa na mtu wa zamani. Kwenye nati za namna hiyo, taya zuri linalosogezwa hadi ligusane linashika kwa karibu zaidi kuliko spana ya namba iliyokosea. Fundi bomba analijua hili bila kuambiwa: nati za shaba nyeupe na za bomba la maji lililopakwa krome zina ukubwa wa kila aina, na spana ya mabomba yenye meno itaziachia makovu.

Pingamizi la pili ni la mfukoni. Kwa nini nilipe mara nne au tano, wakati ya bei poa ikiharibika nanunua nyingine? Hesabu hii ingekuwa sawa kama spana mbovu ingejiharibu yenyewe tu. Inaharibu kitu cha pili kwanza. Nati iliyolika haifunguki tena kwa spana yoyote, nzuri au mbaya. Inafuata patasi, au kuchomelea nati nyingine juu yake, au kukata kwa mashine, na kama bolti imeota ndani ya kitu kisichopatikana, kazi ya dakika kumi inageuka ya siku. Kuna pia vidole. Spana inayoteleza katikati ya nguvu ya kilo 37 inaupeleka mkono kwenye chuma kilicho mbele yake, na ndiyo maana maelekezo ya kawaida ni kuvuta badala ya kusukuma, mpini ukielekea upande wa taya linalotembea. Hata hivyo sisemi kila nyumba inunue ya Sweden au ya Japani. Anayekaza kitanda na baiskeli ya mtoto atatosheka na ya bei ya kati, mradi ipite jaribio la mpini, na zipo zinazopita. Zipo pia za ghali zisizopita. Sehemu ya bei yake imekwenda kwenye mpira wa rangi uliovishwa mpini.

Urefu unaamuliwa na kazi, na kosa la kawaida ni kununua kubwa. Spana ya inchi 8, yaani milimita 200, ndiyo ya kuanza nayo: mdomo wake hufunguka kama milimita 24 au zaidi kidogo, na mpini wake mfupi unakuzuia usiweke nguvu ambayo taya halikuundiwa. Anayehitaji zaidi anaongeza ya inchi 10 au 12. Kuchomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili kuurefusha ni kuzidisha ile mara 20 iwe 40, na taya hukuonyesha jibu. Tazama pia unene wa mataya, kwani membamba yanaingia penye nati mbili zilizokaribiana; na mwinamo wa kichwa. Spana za mtindo wa Bahco hupinda digrii 15, za mtindo wa Marekani nyingi hupinda 22.5. Nati ya pande sita inajirudia kila digrii 60, hivyo kichwa cha digrii 15 kikigeuzwa juu chini kinakupa hatua ya 30, nusu kamili, na unaweza kuendelea kufungua penye nafasi finyu. Cha 22.5 kinakupa hatua ya 45 kisha ya 15. Ni jambo dogo, ila chini ya sinki utalikumbuka.

Ushahidi wa mwisho kwamba taya ndilo kila kitu unatoka kwa kiwanda kilichoamua kuondoa skrubu kabisa. Knipex ya Wuppertal, Ujerumani, inatengeneza koleo lenye mataya laini yanayobaki sambamba. Ukiminya mipini, mataya yanabana nati kwa nguvu ya mkono iliyozidishwa takriban mara kumi, na kadiri unavyovuta ndivyo yanavyobana. Uwazi unakuwa sifuri, krome ya bomba haichubuki, na nati iliyolika kidogo bado inashikika. Ni ghali, linachosha mkono kwenye kazi ndefu, na linataka nafasi ya kutosha kuzungusha mipini miwili. Lakini angalia walichokilipia wabunifu wake: ni ule ulegevu tu.

Kwa asiye na fedha za kifaa kipya cha daraja hilo, spana kuukuu za Ulaya zinazoingia pamoja na vifaa vingine vya mtumba mara nyingi ni ununuzi bora kuliko mpya isiyo na jina. Kutu ya juu isikutishe, mafuta ya taa na brashi ya waya vitaiondoa. Cha kuogopa ni mdomo uliofunguka: weka rula iliyonyooka juu ya uso wa kila taya, na ukiona mwanga katikati au nchani, chuma kimeshakubali kushindwa na hakirudi. Tazama pia alama za nyundo upande wa kichwa, kwa maana walioitumia spana kugongea wameshaufinya mfereji. Skrubu na pini zilizochakaa ni shida ndogo zaidi, kwa spana ambazo kiwanda bado kinauza taya, skrubu na springi peke yake. Pini inagongwa nje kwa msumari, vipya vinaingia, na kichwa cha zamani kinaendelea na kazi. Muulize muuzaji kama vipuri vya chapa hiyo vinapatikana mjini.